Mkunga wa Mbwa Wenye Madoa

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Niliingia Kigali na shati moja na toroli ya kukodi, leo nina duka la rangi na makaro, vile vigae vya sakafu, hapa Kabeza, milango minne, na nyumba ya ghorofa niliyoisimamia mwenyewe tofali kwa tofali. Shule niliiacha darasa la tano kule Karagwe, Tanzania, nilikokulia, na bado wahandisi wenye vyeti wanakuja kuniuliza sebule fulani inataka makaro mangapi. Naangalia kwa macho tu, nawaambia, na sikosei. Nimetapeliwa, stoo imeniungulia, nimesimama tena. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mwaka jana nilitetemeka miezi miwili mfululizo kwa sababu ya bibi mmoja mfupi mwenye kandambili, atacheka. Acheke. Naandika vilevile.

Tulimwita Mkunga. Jina lake analo, lakini Kabeza nzima sijasikia mtu akilitumia. Alizalisha wanawake wodini miaka mingi mpaka akastaafu, na binti yangu Keza, ambaye sasa ana miaka kumi, alipokelewa na mikono yake. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni nikitoa amri kwa kila muuguzi anayepita, nikisema nitalipa, mimi nitalipa, na yeye akanigeukia akaniambia nikae chini nifunge mdomo, kwa sababu humo ndani kuna mtu yuko kazini. Nilikaa. Tangu siku hiyo mwili wangu ulijifunza kumtii kabla akili yangu haijaamua.

Alipostaafu akawa mteja wangu, maana aliishi mitaa miwili chini ya duka. Kila kiangazi alinunua kopo moja la rangi nyeupe, ile inayooshika kwa maji na sabuni. Nilidhani anapaka chumba cha kusalia, kwa sababu rozari ilikuwa haimtoki mkononi. Kumbe chumba kilikuwa cha mbwa wake jike, mweupe mwenye madoa meusi mwili mzima, aina wanayoiita Dalmatia. Mwenyewe alikiita materinite, yaani wodi ya wazazi, na hakuwa anatania.

Materinite ya Mkunga huingii na viatu. Unaviacha getini, unanawa mpaka kwenye viwiko, unapewa kandambili zilizolowekwa kwenye maji ya klorini, ndipo unaingia, tena kwa zamu, wawili wawili. Watoto wa mbwa walikuwa na nyuzi za sufu shingoni, kila mmoja rangi yake, na kila asubuhi aliwapima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwenye daftari kama alivyokuwa akiwaandika watoto wa watu. Hakuwapa majina. Alisema jina ni kazi ya nyumba mtoto anakokwenda. Aliwaita kwa nyuzi zao: Nyekundu, Bluu, Kijani.

Alikuwa na kifuniko cha sufuria cha kuwapimia masikio. Mbwa wa aina hii, aliniambia, wengine huzaliwa viziwi, na muuzaji mwongo atakuwekea kiziwi kwenye boksi ukafika naye nyumbani ukidhani ni mpole. Yeye alisimama nyuma ya mtoto, akagonga kifuniko kwa kijiko, akatazama ni nani amegeuka. Kisha alimpeleka kila mmoja kwa daktari wa mifugo kuhakikisha. Uzao uliotangulia, mmoja hakugeuka. Jirani akamshauri amtupe, hana faida. Mkunga akamwuliza yeye jirani ni sikio lipi linafanya kazi, maana tangu asubuhi anamwambia aondoke na hasikii. Yule kiziwi alibaki kwake, akamfundisha kwa ishara za mikono, na ndiye mbwa pekee aliyeruhusiwa kulala sebuleni.

Hapo ndipo ulipokuwa ukigeugeu wake. Alikuwa akifoka mtu akimsemesha mbwa kama binadamu, akisema mbwa ni mbwa na anastahili kuheshimiwa kwa ubwa wake. Lakini nimemkuta mimi kwa macho yangu akigombana na yule jike kwamba amemchelewesha misa. Alikuwa mkali wa usafi kuliko hospitali yoyote, na wakati huohuo jike aliruhusiwa kulamba sahani yake ya chakula mpaka ing'ae. Na ingawa alikuwa na pensheni ya kubana, nguo ya kubadili moja, mwanamke huyu aliwakataa watu wenye pesa kama vile pesa ina harufu mbaya.

Nakumbuka mheshimiwa mmoja wa Kimihurura, aliyekuja na gari jeupe, mke wake amevaa miwani. Walitaka wawili kwa mpigo, walingane na sakafu ya nyumba. Mkunga akawauliza mchana nani anakuwa nyumbani. Wakasema mlinzi. Akasema basi aje mlinzi, yeye ndiye atakayefuga, azungumze naye. Waliondoka wamekasirika. Mwezi huohuo alimpa mtoto mmoja fundi cherehani wa Batsinda, mwenye uwanja mdogo kama mkeka, kwa sababu fundi alikuwa anashinda nyumbani na kila jioni alikuwa anakimbia mlima mzima kwa mazoezi. Mwingine alimchukua tena kwa nguvu kutoka kwa mtu aliyemfunga mnyororo. Alirudi naye kwa pikipiki, mbwa amemfungia ndani ya koti, kichwa kimetokea shingoni mwake.

Kauli yake ilikuwa moja tu: "Mimi siuzi. Mimi naweka." Na jike alizaa mara tatu tu maishani, na mapumziko marefu katikati. Mimi nilimweleza kama mfanyabiashara kwamba anapoteza soko. Akaniuliza kama mke wangu anazaa kila baada ya miezi sita.

Sasa, Keza alimwona yule jike akipitishwa mbele ya duka, akapoteza akili. Mwaka mmoja na nusu hakuna habari nyingine nyumbani. Mimi baba ninayejisifu mbele ya binti yangu kwamba hakuna nisichoweza, nikasema utampata, nimeahidi. Tukaandikwa kwenye daftari la Mkunga, tukangoja uzao wa tatu, ule wa mwisho. Kabla ya yote alikuja kukagua nyumba yangu. Alipima ukuta kwa macho, akaweka kiganja chini ya geti aone kama kichwa cha mtoto kinapita, akanusa stoo ya rangi na tina ya kuyeyushia rangi, akaniambia nifunge kufuli. Akatangaza sheria: maji safi muda wote, maini na utumbo wa buchani marufuku, maana mbwa hawa wanapata mawe kwenye mkojo, na siku nikishindwa namrudisha kwake, simpi mtu mwingine. Mwisho akauliza kama nimewahi kufuga mbwa.

Nikasema wengi sana, tangu utoto.

Ulikuwa uongo. Sasa niseme kile ambacho mke wangu mwenyewe hakukijua. Mimi nawaogopa mbwa. Simaanishi kuogopa kuumwa, kama watu wote. Nikisikia kucha zao kwenye sementi, nasahau nilichokuwa nasema. Nikiona mbwa upande huu wa barabara, navuka na kujifanya napokea simu. Nimefanya hivyo miaka thelathini, na kwa sababu napokea simu nyingi kweli, hakuna aliyegundua.

Watoto walipozaliwa tuliitwa siku ya sita kwenda kuwaona. Njiani nilikuwa najisemea, ni vitu vidogo, vina macho yamefumba. Tukanawa, tukaingia, na nikakuta watoto saba weupe kama unga. Hakuna doa hata moja. Afadhali, hasira ilifukuza hofu kidogo. Nikamwambia Mkunga mimi ni mtu wa rangi, najua kazi ya rangi, na kama ana mpango wa kuyachora hayo madoa baadaye amepata mtu wa kumkamata. Keza akaniziba mdomo kwa mkono. Mkunga alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Kumbe wote huzaliwa hivyo. Madoa yanakuja yenyewe, wiki ya pili, ya tatu, kama mtu anayekumbuka jambo polepole. Alimpindua Kijani tumbo juu akatuonyesha ngozi, na kweli, chini ya manyoya kulikuwa na vivuli.

Keza alimchagua Kijani palepale. Mimi nilisimama na mgongo ukutani.

Wiki ya sita tulirudi. Madoa yalikuwa yametoka na macho yamefunguka. Mkunga akamweka Kijani sakafuni, Kijani akaanza kutembea kuelekea kwangu kwa miguu yake minene, na Mkunga akaniambia kwa furaha kabisa:

"Papa Keza, usiwe na wasiwasi. Hii itakula na mutoto yako."

Inabidi nieleze. Kiswahili chake alikiokota wodini, kwa akina mama wa Kikongo, na kila neno lililokosekana alilijazia la Kinyarwanda. Kukua, kwa Kinyarwanda, ni gukura, na hapa kwetu r na l ni ndugu, zinabadilishana nguo. Alimaanisha kwamba mbwa atakua pamoja na Keza. Mimi nilikulia Tanzania, Kiswahili changu ni cha shule ingawa ni shule ndogo, na nilisikia alichosema mdomo. Itakula. Na mtoto pia. Nilimshika Keza bega nikamvuta nyuma, kwa nguvu, akaumia. Hakulia. Alinitazama tu. Mkunga naye alinitazama, akamwokota Kijani akamrudisha kwa mama yake.

Siku iliyofuata alikuja dukani. Hakununua kitu. Alisimama kaunta akasema, "Kijani sikupi," akageuka akaenda zake.

Nifikirie nini? Huku kwetu, ukienda kuposa, siku ya gusaba, upande wa msichana lazima wakukatae kwanza. Mzee wao atasimama aseme msichana ameshaolewa, au anataka kuwa mtawa, au mara ya mwisho mlikunywa bia yetu mkasahau kuaga. Ni mchezo. Unacheka, unabembeleza, unatoa maneno matamu, mwishoni unapewa. Nikasema, aa, bibi huyu anafuata desturi. Anataka aombwe vizuri. Na nikamheshimu zaidi.

Jumapili nilikwenda na wazee wawili, mjomba wangu na mwenyekiti wa zamani wa mtaa wetu, wamevaa makoti na kofia, na kreti mbili za Fanta na moja ya bia. Mjomba akasimama katikati ya uwanja akazungumza nusu saa nzima. Alisifia ukoo wa mbwa, akasifia maziwa ya jike, akasema tumesikia hapa kuna binti mwenye madoa na sisi tuna ua usio na doa. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakapiga makofi. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa juu ya aproni. Akasema mumesema vizuri kabisa, kunyweni. Kisha akaniita bombani ninawe mikono.

Maji yakitiririka, ili wazee wasisikie, akaniambia:

"Mimi sikatai kwa desturi. Nimekataa kweli. Wewe unaiogopa."

Nikamwambia mimi siogopi kitu chochote duniani.

"Mutoto yako naye ameona. Mbwa ikiishi na mutu mwenye kuogopa, na yenyewe inaogopa. Na mbwa ya kuogopa ndiyo inauma. Sasa unataka niweke hiyo kwa chumba ya Keza?"

Nilikuwa naosha mikono ambayo ilikuwa safi tangu zamani. Nikamwomba, na siyo kwa sauti ya bosi, asimwambie binti yangu. Akasema kuna watu wawili nyuma yetu kwenye daftari, na bado siku kumi na mbili mpaka chanjo ya wiki ya nane. Nije kila siku saa saba mchana, peke yangu, nikae sakafuni. Kijani akinipanda na nisimsukume, ataenda kwa Keza. Nikimsukuma, ataenda kwa yule anayefuata. Na jibu hilo nitampelekea Keza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nilirudi kwa wazee nikawaambia bado tunazungumza mahari. Mjomba akafurahi, akafungua bia nyingine.

Siku ya kwanza nilikaa dakika mbili. Nilivaa suruali nene na soksi mbili. Walinijia wote saba kwa mpigo, kucha zikagonga makaro, makaro ambayo nilimwuzia mwenyewe, na mmoja akauma ncha ya soksi akavuta. Nilijikuta getini nimeshika viatu mkononi. Siku ya pili alinipunguzia, akaniletea Kijani na Bluu tu. Siku ya tatu nilikaa dakika kumi macho yamefumba. Kijani akinikaribia nilijikunja magoti kama mtoto. Mkunga hakunisukuma wala hakunicheka. Alikaa kwenye ndoo yake akimenya viazi. Nyumbani Keza ananiuliza, papa, Kijani amekua? Nasema amekua. Usiku sikulala. Nilikuwa namwona yule anayefuata kwenye daftari akiondoka na boksi, na binti yangu dirishani.

Siku ya sita Mkunga akauliza, bila kuinua kichwa kutoka kwenye viazi, siku ile aliposema neno lile, mimi nilisikia nini.

Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu hakunitazama. Nilimwambia kwamba niliingia nchi hii na ndugu zangu mara baada ya mauaji ya kimbari, nikiwa na miaka kumi na sita, na mjomba yule yule alinishika mkono tutafute nyumba ya bibi yetu. Watu wachache tuliowakuta walikuwa wamekonda mifupa mitupu. Mbwa walikuwa wanene. Nikamwambia hivyo tu, mbwa walikuwa wanene, na kwenye ua wa bibi walikuwa watano, na mmoja aliinua kichwa akanitazama akaendelea kula. Miaka thelathini nilikuwa sijasema sentensi hiyo kwa mtu yeyote.

Kisu chake kilikuwa kimesimama kwenye kiazi.

"Na mimi niliwaona," akasema. "Tulikuwa tunaenda kwa kituo cha afya kila asubuhi, na mawe kwa mfuko, ya kuzifukuza. Nilikaa miaka mingi siwezi kupita karibu ya mbwa. Halafu nikasema, mimi ni mukunga. Acha nione moja ikizaliwa."

Nikamwuliza kama hofu iliisha.

Akasema haikuisha, ilipungua uzito. Akasema hata sasa jike akila nyama, yeye anatoka nje. Nikakumbuka kwamba kweli, saa ya chakula cha mbwa nilikuwa namkuta daima amekaa kwenye ngazi za nje na rozari, na nilidhani ni uchaji.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Ijumaa. Keza hakubaki shuleni kula mchana, mama yake alimleta mpaka getini, wakabaki ndani ya gari. Mimi nikanawa, nikaingia. Materinite ilikuwa karibu tupu, wengine walishachanjwa asubuhi hiyo na kuwekwa. Jike alikuwa amelala kivulini, amechoka, uzao wake umekwisha, na Mkunga naye siku hiyo alionekana mdogo, bega moja limeshuka. Nilikaa sakafuni na mgongo ukutani. Mkunga alimweka chini Kijani akarudi nyuma.

Kijani alinusa kandambili yangu ya klorini. Akaweka mguu mmoja pajani, kucha nikazisikia kupitia suruali, akaweka wa pili. Kila mshipa wangu uliniambia sukuma. Mikono ilinyanyuka, yenyewe, na Mkunga akaiona, nikamwona akishika kifuniko cha boksi tayari kumchukua. Nikaiweka mikono sakafuni nikaikandamiza kwa nguvu. Kijani akapanda tumboni, kifuani, akanipumulia shingoni. Pumzi yake ilinuka maziwa. Akazunguka mara mbili ndani ya koti langu, akakojoa kidogo, akalala, moyo wake unagonga haraka kuliko wangu. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa. Mikono yangu ikatoka sakafuni ikamshika chini, asidondoke.

Bado nilikuwa natetemeka. Machozi yalikuwa yananitoka, na sina haja ya kuficha.

"Sawa," Mkunga akasema. "Simama pole pole. Keza anangoja."

Nikamwambia siwezi kutoa pesa, mikono haiko huru, na nikiachia mkono mmoja sina uhakika kama nitaurudisha. Bahasha ilikuwa mfuko wa ndani wa koti, upande ambao mbwa hajalala. Mimi ambaye mke wangu hagusi mfuko wangu, nilimwambia aingize mkono achukue mwenyewe, chochote anachotaka, hata yote. Ilikuwa bahasha nene, nilikuwa nimejiandaa kumshinda yeyote.

Akaifungua. Akavaa miwani. Alitaka kile tu alichokitumia kwa mtoto huyu mmoja, chanjo, dawa ya minyoo, daktari wa masikio, maziwa, chakula cha wiki nne. Alitoa noti taratibu akizihesabu kwa Kifaransa, akaenda ndani kutafuta chenji, akarudi na sarafu sita za mia mia akaziweka kwenye bahasha, akairudisha mfukoni mwangu akiangalia asimwamshe Kijani. Kisha akanisomea, kama anavyosoma uzito wa mtoto kwa mzazi: faranga laki tatu, themanini na sita elfu, na mia nne.